Nani alifyatua kwanza? Mashabiki walioirudisha Star Wars ya zamani

Wiki chache zilizopita, nikiwa Namanga nasubiri gari lijae, niliingia kwenye kibanda cha kijana anayejaza muvi kwenye flashi. Nikamwuliza kama ana Star Wars, ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 1977. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta: "Kaka, unataka ya kawaida au iliyotafsiriwa?"

Nikamwambia ya kawaida. Nikalipa, nikapanda gari. Usiku ule, chumbani Arusha, filamu ikiwa haijafika hata nusu, nikagundua kuwa niliyouziwa si ile niliyoomba.

Yule kijana hakunidanganya. Aliuza alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ndicho walichonacho wauzaji wengi duniani, wenye leseni na wasio na leseni. Filamu iliyoonyeshwa mwaka 1977 iliondolewa sokoni na mwenyewe aliyeitengeneza. Ukiitaka leo kwa picha safi, mlango wako ni mmoja: watu wasiolipwa, walioikusanya vipandevipande na kuiunga upya.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, na ambaye pengine njia zake ni Busia, Mutukula au Rusumo, kuna mhusika mmoja ambaye hatahitaji kutambulishwa sana. Anaitwa Han Solo. Ni dereva wa chombo cha anga na kazi yake ni magendo. Alibeba mzigo wa tajiri mmoja, Jabba, njiani akakutana na doria ya serikali, akautupa mzigo ili asikutwe nao. Mzigo umepotea, deni limebaki. Sasa amekaa kwenye baa ya mji wa Mos Eisley, na mbele yake amekaa Greedo, kiumbe anayewinda wadaiwa kwa malipo, bastola mkononi. Wanajibizana kidogo. Han anashusha mkono polepole chini ya meza, anafyatua, na Greedo anaangukia meza. Han anamrushia mwenye baa sarafu kwa usumbufu, anatoka zake.

Hivyo ndivyo watazamaji walivyoiona kuanzia tarehe 25 Mei 1977, siku filamu ilipotoka katika majumba 32 tu ya sinema nchini Marekani. Miaka 20 baadaye, tarehe 31 Januari 1997, mtengenezaji wake, George Lucas, aliirudisha sinemani ikiwa na mabadiliko. Katika toleo hilo Greedo ndiye anayefyatua kwanza. Yuko upande wa pili wa meza ndogo ya baa, na anakosa. Ndipo Han anapojibu. Lucas alieleza kwamba hakutaka shujaa wake aonekane mtu wa kuua kabla hajashambuliwa.

Katika toleo la DVD la 2004 milio hiyo miwili ilisogezwa ikawa karibu ya pamoja. Mwaka 2019, filamu ilipoingia kwenye huduma ya Disney+, Greedo aliongezewa neno la kutamka kabla ya kufyatua, neno ambalo mashabiki wengi waliishia kulicheka.

Utasema ni sekunde chache tu, ugomvi wa nini? Nami nilisema hivyo hadi nilipoziangalia zote mbili. Han wa 1977 ni mtu anayejijali mwenyewe kwanza. Fedha mbele, rafiki baadaye. Ndiyo maana mwishoni, anaporudi kuwasaidia wenzake wakati angeweza kuondoka na malipo yake, mtazamaji anashtuka kwa furaha. Han wa 1997 alikuwa mtu mwema tangu ameketi pale baa, kwa hiyo kurudi kwake hakubebi uzito uleule.

Mabadiliko hayakuishia mezani kwa Greedo. Mji wa Mos Eisley ulijazwa wanyama na vyombo vilivyochorwa kwa kompyuta. Likaongezwa onyesho zima la Han akizungumza na Jabba, ambalo lilipigwa picha zamani na kuachwa nje. Hata maneno ya utangulizi yanayoiita sehemu ya nne, yenye kichwa cha A New Hope, hayakuwamo siku ya kwanza. Yaliongezwa filamu iliporudi sinemani mwaka 1981. Filamu mbili zilizofuata nazo ziliguswa. Katika ile ya tatu, mzuka wa baba mzee unaoonekana mwishoni ulibadilishwa mwaka 2004, akawekwa mwigizaji kijana aliyekuwa bado mtoto mdogo filamu hiyo ilipopigwa.

Kwa haki, Lucas ana hoja. Alipewa bajeti ya dola milioni 11 hivi, muda ulikuwa mfupi, na teknolojia aliyoitaka haikuwapo. Kwake yeye, toleo la 1977 ni nyumba aliyohamia kabla ya kupaua. Mwaka 2004 alisema waziwazi kwamba kwake toleo lile la zamani halipo tena, na akawasikitikia waliopenda kitu ambacho hakikuwa kimekamilika.

Lakini maneno yake mwenyewe yanamfuata. Mwezi Machi 1988 Lucas alisimama mbele ya Bunge la Marekani kupinga kampuni zilizokuwa zikizipaka rangi filamu za zamani zilizopigwa kwa nyeusi na nyeupe. Aliwaambia wabunge kwamba watu wanaobadili kazi za sanaa na urithi wa taifa kwa ajili ya faida au ubabe ni washenzi. Hoja yake siku ile ilikuwa kwamba filamu ikishaingia mioyoni mwa watu, umma nao una haki ndani yake. Mwaka uliofuata, 1989, Marekani ilianzisha orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa, na Star Wars ilikuwa miongoni mwa 25 za kwanza. Miaka minane baadaye akaibadilisha yeye mwenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki wanapenda kumkumbusha. Star Wars yenyewe iliokolewa na mkasi. Mkato wa kwanza wa filamu haukufaa, mhariri aliyeuandaa akaondolewa, na kazi ikaanza upya. Marcia Lucas, aliyekuwa mke wa George wakati huo, pamoja na Paul Hirsch na Richard Chew walikata, wakahamisha, wakaunga. Maonyesho ya mwanzo yaliyomwonyesha kijana Luke na rafiki zake kijijini yaliondolewa yote. Mwaka 1978 wahariri hao watatu walipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Yaani kilichopendwa na dunia hakikuwa mawazo ya mtu mmoja tu.

Kama mteja akitaka bidhaa na mwenye kiwanda akakataa kuitengeneza, sote tunajua kinachofuata. Mwaka 2006 kampuni ya Lucasfilm ilijaribu kutuliza kelele kwa kuuza DVD zenye matoleo ya zamani kama nyongeza. Wanunuzi walipoziweka kwenye televisheni pana za wakati huo walikuta picha ndogo iliyozungukwa na weusi pande zote nne, kwa sababu zilitokana na nakala iliyoandaliwa mwaka 1993 kwa ajili ya diski za leza, teknolojia iliyokuwa imekwisha kufa. Ni kama kuagiza kitenge cha daraja la kwanza ukaletewa kilichokaa juani dirishani miaka 13. Mwaka 2012 Disney ilikubali kuinunua Lucasfilm kwa dola bilioni 4.05, mashabiki wakadhani mambo yatabadilika, lakini kilichoingia kwenye Disney+ ni toleo lililobadilishwa.

Mwalimu na mkasi wake

Mtu aliyechukua hatua kubwa ya kwanza hakuwa Mmarekani wala mtu wa sinema. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika Jamhuri ya Czech, anayejulikana na mashabiki kwa jina la Harmy. Kuanzia karibu mwaka 2010 alianza kuzirudisha filamu tatu za kwanza kwenye hali zilizokuwa nazo siku ya kwanza.

Njia yake ilikuwa ya fundi cherehani. Alichukua Blu-ray ya 2011, yenye picha safi lakini yenye mabadiliko yote, akaifanya kitambaa kikuu. Kila alipokuta kiraka cha 1997 au 2004, alikitoa na kutafuta kipande cha zamani cha kuziba: kutoka ile DVD ya 2006, kutoka nakala za utepe wa milimita 35 zilizopigwa picha na mashabiki wengine, hata kutoka picha za mnato za michoro iliyotumika kama mandhari. Pale ambapo kiumbe wa kompyuta alisimama mbele ya ukuta, ilibidi amfute na kuujenga ukuta upya. Rangi nazo zilikuwa zimebadilishwa, ikabidi zirudishwe onyesho kwa onyesho.

Piga hesabu kidogo uone kazi yenyewe. Filamu ya utepe hupita kwa kasi ya picha 24 kila sekunde. Star Wars ina dakika 121. Hiyo ni zaidi ya picha 174,000. Si zote zilizohitaji kuguswa, lakini zote zilihitaji kukaguliwa. Alifanya kazi hiyo jioni na siku za mapumziko, kwa kompyuta ya nyumbani, akitoa toleo moja na kulirekebisha kila mara wenzake walipoleta kipande bora zaidi.

Kundi la pili lilifuata njia tofauti kabisa. Linajiita Team Negative 1, na lilisema: kwa nini tuweke viraka? Tutafute filamu yenyewe. Sinema zilipomaliza kuonyesha mwaka ule, nakala za utepe zilitakiwa kurudi kwa wenye mali au kuharibiwa. Baadhi zilibaki mikononi mwa wakusanyaji. Kundi hilo lilipata nakala ya Technicolor ya 1977, likaipitisha kwenye mashine ya kunakili picha moja baada ya nyingine, na mwaka 2018 likatoa toleo linaloitwa 4K77. Karibu asilimia 97 ya picha zake zinatoka kwenye nakala hiyo moja.

Hapa anayeuza khanga atanielewa haraka kuliko anayeuza kompyuta. Nakala nyingi za filamu za miaka ile zilichapwa kwenye utepe ambao rangi zake hufifia. Samawati hufa mapema, na baada ya miaka michache filamu nzima inakuwa ya waridi. Technicolor yenyewe ilichapwa kama khanga: rangi tatu, kila moja na pasi yake, wino ukikandamizwa juu ya utepe. Wino wake haupauki kirahisi. Ndiyo maana nakala hiyo, baada ya miaka 40, ilikuwa bado na rangi zake. Lakini ilikuwa na mikwaruzo, mavumbi na alama za mashine za sinema, na hayo yalisafishwa na watu wa kujitolea. Walitoa hata matoleo mawili, moja lililosafishwa zaidi na moja lililoachwa na chengachenga za utepe, kwa wale wanaotaka kuhisi wamekaa sinemani. Mimi binafsi nalipenda la pili. La kwanza limenyooka mno, kama shati lililopigwa pasi hadi likang'aa.

Pale fedha inapoingia

Si kila shabiki anataka kurudisha ya zamani. Wengine wanataka kupunguza. Mwaka 1999 Lucas alitoa The Phantom Menace, na wengi waliosubiri kwa miaka 16 walitoka sinemani wamenuna. Mhariri mmoja wa California, Mike J. Nichols, aliichukua akaikata kwa dakika 18 hivi, akapunguza sana utani wa mhusika Jar Jar Binks, akaiita The Phantom Edit. Kuanzia mwaka 2000 na 2001 kanda zake zilipita mkono kwa mkono Los Angeles, na wapo waliosema imeishinda ya mwenyewe.

Mwanzoni Lucasfilm ilitazama pembeni. Mashabiki wanajifurahisha, basi. Lakini kanda zilianza kurudufiwa na kuuzwa, na hapo kampuni ikabadili sauti na kutoa onyo kwamba hizo ni haki zake. Tangu hapo wahariri mashabiki wanashika kanuni mbili ambazo karibu wote wanazirudia: usiuze, na anayetaka kuangalia awe kwanza na nakala aliyoinunua kihalali. Mwigizaji Topher Grace, aliyezikata filamu tatu za baadaye kuwa moja ya dakika 85, aliionyesha kwa wageni wake mwaka 2012 na hakuisambaza.

Kanuni hizo si sheria. Kisheria, kuikata kazi ya mtu na kuigawa bila ruhusa ni kosa hata kama hukupokea senti. Kilichowalinda kina Harmy hadi leo ni kwamba mwenye mali ameamua kutowafuata, na sababu kubwa inayoonekana ni kwamba hawauzi. Hata hivyo wapo wanaochukua kazi yao, wanaichoma kwenye diski, wanaitengenezea jalada zuri na kuiuza kwenye minada ya intaneti. Wanunuzi wengi hudhani wanapata bidhaa rasmi. Wanaokasirishwa zaidi na biashara hiyo ni walioifanya kazi yenyewe, kwa sababu wanajua ikikua ndiyo itakayowaletea mawakili mlangoni.

Sasa nirudi kwenye kile kibanda cha Namanga, kwa sababu swali la "ya kawaida au iliyotafsiriwa" lina historia. Kuihariri upya filamu ya mgeni si jambo tulilojifunza kwa Wamarekani. Tanzania ilikuwa na Kapteni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ambaye sauti yake juu ya filamu za nje ilijaza vibanda vya video na baadaye ikauzwa kwenye kanda. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina VJ Jingo, anayesimulia kwa Kiganda. Hawa hawakati picha sana, lakini wanabadili filamu kuliko mkasi: wanampa jambazi jina la mtaa tunaoujua, wanaongeza utani, wanaruka mazungumzo yasiyo na maana na kueleza yale ambayo mwandishi wa filamu alisahau. Wapo wateja wasioitaka filamu bila wao.

Tofauti na kina Harmy ni moja tu, nayo ndiyo inayokuhusu wewe mwenye mzigo. Zetu zinauzwa. Msimuliaji analipwa kidogo, mrudufishaji anapata, mwenye kibanda anapata, na mwenye filamu hapati. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, ya Tanzania ya 1999 na ya Uganda ya 2006 zote zinamgusa anayeuza nakala isiyo halali, si aliyeitengeneza tu. Na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaweka bidhaa bandia za kila aina kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku kuingizwa. Flashi 200 tupu ni bidhaa kama nyingine, zina ushuru wake na risiti yake. Flashi hizohizo zikijazwa muvi ni mzigo mwingine kabisa, na kusema "ni mashabiki tu walihariri" hakutamsaidia mtu mbele ya afisa.

Kuna suala la tarehe pia, ambalo wachache wanalizungumza. Marekani inailinda filamu ya 1977 hadi mwisho wa mwaka 2072. Kenya, kwa sheria yake ya 2001, inazilinda kazi za picha na sauti kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka zilipotolewa. Kwa hesabu hiyo toleo la 1977 na lile la 1997 hayana siku moja ya kukoma, na swali la nani alifyatua kwanza linageuka kuwa la kisheria: una toleo gani mkononi? Asiyezungumza na wakili asianze kuchapa majalada. Jina Star Wars ni alama ya biashara, na alama ya biashara inayohuishwa haizeeki. Muziki una ulinzi wake. Na ukivuka daraja unaingia nchi nyingine yenye sheria yake, ukiwa na mzigo uleule.

Nadhani kampuni ndiyo iliyojitengenezea hasara hii. Mteja aliomba kununua, kwa fedha halali, kitu kilichokwisha kutengenezwa, akaambiwa hakipo. Mfanyabiashara wa kawaida angeweka matoleo yote mawili kwenye rafu na kumwacha mnunuzi achague. Mashabiki waliotumia maelfu ya saa kusafisha mikwaruzo wangekuwa wa kwanza kwenye foleni, maana wengi wao wamekwisha kuinunua filamu hiyohiyo kwenye kanda, kwenye DVD na kwenye Blu-ray.

Dalili za kulegea zipo. Tarehe 12 Juni 2025, taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, ilifungua tamasha lake jijini London kwa kuonyesha nakala ya utepe ya 1977 kutoka kwenye hifadhi yake, nakala ya Technicolor, ile ya wino usiopauka. Mwaka 2027 filamu itatimiza miaka 50, na Lucasfilm imetangaza kuwa itairudisha sinemani kwa ajili hiyo.

Nilipopita tena Namanga nilimsimulia yule kijana habari hizi. Alisikiliza huku akihamisha mafaili ya mteja mwingine. Kisha akafungua ile aliyoniuzia, akaisogeza hadi kwenye baa, akaiangalia mara mbili. "Kweli anakosa," akasema. "Na wako meza moja."